Viatu vya Mzee Shamte

Basi dogo la Mchinga liliporuka tuta, kikapu cha bibi aliyekaa mbele yangu kilipinduka. Vikaanguka viatu vya kiume vilivyopigwa rangi vikang'aa, na kitambaa cheupe cha bafta. Dada aliyekaa naye aliokota viatu, bafta hakuigusa. "Shikamoo bibi. Hii si sanda?"

"Marahaba. Ndiyo. Mume wangu, Shamte, anapasuliwa leo hospitali Lindi."

"Bibi! Unamchuria mgonjwa."

"Kaka yangu alifia mjini siku ya Ijumaa, wenye maduka wote wako msikitini. Tukachelewa kumzika kwa kukosa kitambaa. Shamte sitamfanyia hivyo."

"Na viatu je?"

Bibi alimshangaa. "Sasa mwanangu, atarudi nyumbani pekupeku?"

Dada aliinama, akaikunja bafta, akaiweka chini kabisa, viatu juu.

"Bado nasema unamchuria," alinung'unika gari liliposimama stendi. Lakini kikapu alikibeba yeye, na kabla ya kushuka akavifuta vile viatu vumbi kwa upindo wa kanga yake.