Dominika na Saa Iliyosimama

Tarehe 30 Juni mwaka huu Tabibu Dominika Namkaa, kwetu sote Mama Huruma, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Alianzia Nanganga, akahamia Masasi, na miaka kumi na saba ya mwisho ametumikia kituo chetu hapa Newala. Alimtangulia mlinzi kufika kila asubuhi, na chai yake hakuwahi kuinywa ikiwa ya moto. Ameniomba niandike ya kuchekesha tu. Nimejaribu, nimeshindwa.

Alisifika kwa kutibu kizunguzungu cha sikio la ndani. Zamani mkulima akisema dunia inazunguka kila anapogeuka kitandani au kuinua macho kutazama mkorosho, tulimpima malaria, tukampima presha, tukamtundikia dripu. Mama Huruma alirudi kutoka mafunzoni akatueleza kwamba mara nyingi ni vichembe vidogo vya sikio vilivyohama mahali pake. Alimlaza mgonjwa, akayatazama macho kujua sikio lenye shida, kisha akamgeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka vichembe virudi. Kila hatua inataka nusu dakika au zaidi, na saa yetu ya ukutani ilikuwa imesimama. Basi Wakristo aliwaambia wasali Baba Yetu polepole, Waislamu wasome Alhamdu.

Mimi nilizisikia sala hizo dirishani. Nikaenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, kulalamika kwamba tabibu anaombea watu badala ya kuwatibu. Mama Huruma akakatazwa tiba hiyo, naye hakubishana.

Katazo lilidumu miezi tisa. Katika miezi hiyo alikuja kwangu Mwanaisha, mkulima mwenye kizunguzungu, nikamwandikia vidonge mara tatu. Alikuwa analala ameketi, ameegemea ukuta, na kujitwika ndoo hakuweza tena. Maji akateka binti yake Stamili, aliyekuwa darasa la saba, na mnajua maji ya Newala yalivyo mbali. Shuleni alifika saa nne, siku nyingine hakufika kabisa. Mtihani akafeli.

Mfawidhi mpya alipokuja alimwuliza Mama Huruma sababu ya zile sala, akacheka, akaleta betri ya saa. Mwanaisha alitibiwa siku hiyo, na wiki ileile akajitwika ndoo mwenyewe. Stamili hakurudi shule. Hilo ni kosa langu, na nimeona liandikwe.

Mama Huruma hakunisema kwa mtu. Aliniambia mara moja tu, tukifunga madirisha: "Baba Julia, si ungeniuliza tu?" Kwa aibu sikumwomba anifundishe, na hakuna mwingine kituoni anayeijua kazi hii. Nimemwomba mwezi uliopita, nimechelewa mno, naye amenifundisha akiniazima shingo yake mwenyewe.

Juzi nilimlaza mgonjwa bila msaada. Saa ilikuwa inatembea ukutani, lakini nikajikuta nasali Baba Yetu kwa sauti. Mama Huruma alikuwa amesimama mlangoni. Akaitikia amina.

Asante, Mama Huruma, na unisamehe. Sote tunakuombea afya huko nyumbani, na usingizi mwema kwa ubavu wowote utakaoulalia.

Alfredi, tabibu mwenzako