Siku Benchi Lilipopanda Pikapu

Nyaguthii alikuwa ameinamia ungo, akitoa mawe kwenye ndengu za chakula cha jioni, aliposikia pikapu ya Huqa ikija polepole kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Hakuinua kichwa. Kibanda chake cha kahawa kiko pale kona ya Chechelesi, mjini Isiolo, na mbele yake kuna benchi lililoundwa kwa mbao za lori lililokufa zamani. Kila alasiri benchi hilo hubeba watu watatu wale wale: Karanja, anayeitwa Daktari kwa sababu aliwahi kuuza dawa za mifugo, Ekidor, anayeitwa Komando kwa sababu aliwapikia wanajeshi miaka mingi, na Yattani, anayeitwa Dalali kwa sababu hata salamu yake ina bei mbili. Hunywa kahawa ya tangawizi na kutatua shida za nchi jirani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunyanyuka kumsaidia kusogeza jiko.

Huqa alizima gari, akashuka, akasimama mbele ya ungo.

— Mama Sheila, leo siendi Burat.

Mkono wa Nyaguthii ukabaki kwenye ndengu.

— Unasema?

— Gari inatetemeka. Nikikanyaga mafuta inatetemeka mpaka meno yangu yanagongana. Nikiachilia, inatulia. Nikikanyaga tena, inaanza tena. Kitu itakatika huko kwa mchanga ya laga, na mimi sitaki kulaza mama mzee na watoto njiani.

Nyaguthii akaweka ungo chini. Watoto wake wawili, Sheila na Hezekiah, walikuwa Burat tangu asubuhi na nyanya yao, wakivuna vitunguu, na Huqa ndiye angewarudisha. Mzee huyo alikuwa na nyonga mbaya. Kumpandisha pikipiki ilikuwa sawa na kumrudisha hospitali. Gari ndogo hazikuvuka ule mchanga wa laga, mto mkavu. Na jua likishuka, ndovu nao hushuka kwenda mtoni, na njia ile inakuwa yao. Baba Sheila alikuwa Moyale kwenye kazi ya barabara, na kumpigia simu kungezaa wasiwasi tu, si gari.

Asingeweza hata kumkasirikia Huqa. Dereva mwingine angeenda akakwame, kisha aseme ni mapenzi ya Mungu.

Lakini benchi lilikuwa limeshaamka.

— Inatetemeka! — Karanja alisema, kama mtu aliyeletewa mgeni mzuri. — Wacha nione mgonjwa.

— Kwanza tairi, — alisema Ekidor. — Mimi nimepika kwa sufuria ya watu mia. Sufuria ikitetemeka, usiangalie supu, angalia mawe ya chini.

— Tairi ingetetemeka hata nikiachilia mafuta, — Huqa alisema.

— Hiyo ni tairi ya kawaida. Kuna tairi inajificha.

Ekidor alikuwa amevaa shati lake la kwenda kanisani, kwa sababu lile jingine lilikuwa kwenye kamba. Akalala chali mavumbini na kuingia chini ya pikapu nalo hivyo hivyo. Nyaguthii aliona hilo, akalikumbuka baadaye.

Karanja alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini, akafumba macho.

— Homa, — alisema.

— Injini imetoka kazini, lazima iwe moto, — alisema Yattani.

— Kuna moto ya kazi na kuna moto ya ugonjwa. Huqa, hii petroli ulinyonyesha gari wapi?

— Pale pale pa kila siku.

— Basi ni minyoo.

— Minyoo kwa gari, Daktari? — Huqa aliuliza.

— Uchafu kwa petroli ni nini kama si minyoo? Ikitulia, minyoo imelala. Ukikanyaga mafuta, umewaletea chakula, wanaamka wanapigana. Gari inatetemeka. Hata mbuzi ni hivyo.

— Mbuzi hatetemeki akikula.

— Hujawahi kuangalia vizuri.

Yattani hakuwa ameondoka kwenye benchi. Alimaliza kahawa yake, akajipangusa mdomo, akaizunguka pikapu mara moja, mikono nyuma, kama anavyozunguka ng'ombe wa mtu asiyempenda.

— Mimi nitawaambia ukweli, — alisema. — Hii gari ilidanganya umri. Angalia meno yake hapa mbele. Hii ni mzee. Na ng'ombe mzee akiamka, miguu ya nyuma ndiyo hutetemeka. Akishaamka anatembea tu.

— Ya nyuma? — ilisema sauti ya Ekidor kutoka chini ya gari.

— Ya nyuma.

— Nyuma hakuna shida! — Ekidor akatoka, uso umejaa vumbi. — Nyuma ndiyo kitu nzuri kuliko zote kwa hii gari. Nani hajui vile hii nyuma iko?

Na kweli, kila mtu alijua. Jumamosi mbili zilizopita, benchi zima lilikuwa limeinama chini ya pikapu ile tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Wakati wa kiangazi Huqa alikuwa amesomba maji ya mtaa wote, mapipa kwa mapipa, mpaka nyuma ya gari ikalegea ikakaribia kugusa barabara. Ndipo Ekidor akapata vyuma viwili vya springi kwenye lori lililokufa, Karanja akaleta jeki, Yattani akanunua nati kwa bei ambayo mwenye duka hajaisahau, na wakamfungia bila kumdai chochote. Tangu siku hiyo mkia wa pikapu ulisimama juu kama wa beberu.

— Imesimama vizuri, — Huqa alisema haraka. — Mungu awabariki.

— Springi ya lori, — Ekidor alisema. — Si mchezo.

— Hata gari ikichoka yote, hiyo itabaki, — Karanja akaunga mkono.

Yattani alirudi kwenye benchi akiutazama ule mkia.

— Jua linashuka, — Nyaguthii aliwaambia. — Na watoto wangu hawako hapa.

— Mama Sheila, tunakaribia, — alisema Karanja. — Kupima ugonjwa si kufua nguo.

— Nikifua nguo inakuwa safi, Karanja. Hiyo yako mpaka sasa ni maneno.

Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Kila mmoja alikuwa ameangalia jua.

— Wacha niseme kitu, — Ekidor alianza tena, kwa sauti ya chini. — Huqa, ile siku ndovu aliegemea hii gari hapo Burat, ukiwa ndani, unakumbuka?

— Hakuegemea. Alipita karibu.

— Alipita karibu sana. Tangu hiyo siku gari imeshika woga. Ukikanyaga mafuta inajua inapelekwa wapi. Inatetemeka.

— Na nikienda upande wa Meru?

— Inatetemeka?

— Inatetemeka.

— Basi! — alisema Ekidor. — Kwani Meru hakuna ndovu?

— Hapana, hapana, — Karanja alikatiza. — Mimi sasa nimeelewa. Hii gari kabla ya Huqa ilikuwa ya mtu wa Nyahururu. Imezaliwa kwa baridi. Damu yake ni ya baridi. Ukikanyaga mafuta, damu inaenda mbio, inakutana na joto ya Isiolo...

— Mafuta iko na damu na minyoo?

— Kila kitu iko na damu, Dalali!

Nyaguthii alimimina kahawa iliyobaki kwenye chupa. Ilitosha kikombe kimoja, na hakuwa na nia ya kuipatia benchi. Wakati huo mwanamke mmoja alisimama kibandani, mtungi mtupu wa maziwa mkononi. Alikuwa Deeqa, aliyehamia mjini mwezi huo huo, anayeuza maziwa ya ngamia kule njia panda. Hakuwahi kuketi hapo.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam, — Huqa na Yattani waliitikia.

— Karibu mama, — Nyaguthii alisema, akampa kikombe cha mwisho.

Deeqa alikunywa funda moja. Akaitazama boneti iliyo wazi, shati la Ekidor, na Huqa aliyeshika kichwa.

— Gari iko mgonjwa?

— Inatetemeka nikikanyaga mafuta.

— Pole. Ilianza lini?



Ekidor alijipangusa vumbi kwenye goti, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Karanja alifunga boneti taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Nyaguthii alimtazama Huqa usoni, akaona kwamba jibu alikuwa nalo muda wote. Ilianza Jumapili, siku moja baada ya ile Jumamosi. Kila akibeba maji, mkia ulishuka na gari likatulia. Kila likiwa tupu, mkia ulipanda, na kitu huko chini kilichounganisha injini na magurudumu ya nyuma kikavutwa kwa pembe mbaya, kikagonga. Alikuwa ameendesha siku zote hizo meno yakigongana, akiwasalimia watu wa benchi kila asubuhi kwa mkono wazi. Angewaambia vipi watu waliolala chini ya gari lake siku nzima bila malipo?

— Kwani nimeuliza vibaya? — Deeqa alimnong'oneza Nyaguthii.

— Hujauliza vibaya, mama. Kunywa kahawa.

Hapo ndipo Yattani aliposimama. Hakutaja bei, naye ni mtu anayeitaja hata usingizini. Alienda nyuma ya pikapu, akakanyaga bampa, akajivuta juu na kitambi chake chote, akakaa katikati, juu kabisa ya magurudumu. Mkia wa pikapu ukashuka kidogo.

— Washa, — alimwambia Huqa.

Huqa akaenda mpaka kwa fundi wa viatu, akarudi.

— Imepungua, — alisema.

Karanja akapanda. Huqa akaenda tena, akarudi.

— Inabakia kidogo sana.

Watu wote wakamtazama Ekidor, kisha wakaangalia pembeni kwa adabu.

— Hii si kusema springi ni mbaya, — alisema Ekidor.

— Hakuna mtu amesema, — alijibu Karanja.

— Springi ni nzuri.

— Ni nzuri sana, Komando. Panda.

Akapanda. Safari hii Huqa alikanyaga mafuta mpaka kwenye msikiti, na pikapu ikaenda kimya kama inateleza. Haikurudi kibandani. Mkono wa Huqa ulitoka dirishani ukapunga, vichwa vitatu huko nyuma vikayumba pamoja, nao wakaelekea Burat.

Nyaguthii alibaki ameshika mwiko. Yale mawe ya ujenzi yaliyorundikwa kando ya barabara yangetosha kabisa. Angesema neno moja na wangeyapakia. Lakini mawe hayashuki kusukuma gari kwenye mchanga, wala hayamshiki mama mzee mkono. Akaangalia benchi. Kwa miaka yote aliyouza kahawa pale hakuwahi kuliona tupu alasiri, na wenyewe wako mbali. Lilikuwa na alama tatu za kukaliwa, zilizong'aa.

— Hawa ni nani kwako? — Deeqa aliuliza.

— Wanywaji wa kahawa, — Nyaguthii alisema. Kisha, kwa sababu haikutosha: — Ni watu wazuri. Wanasumbua, lakini ni watu wazuri. Unajua kukanda unga?

Deeqa akanawa mikono.

Waliteleka ndengu, wakakanda na kusukuma, wakageuza chapati mpaka rundo likafunika sahani, na kila pikipiki iliyopita Nyaguthii aligeuza shingo. Kanisani kengele ililia. Adhana ikaita. Deeqa akaswali nyuma ya kibanda, na aliporudi alichukua mti wa kusukumia bila kuulizwa. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu upande wa Burat pikapu ilipotokea, imekaa chini na nzito, haina haraka. Nyanya alikuwa mbele, kiti chake kimewekewa koti la Karanja. Sheila alikaa juu ya magunia ya vitunguu. Hezekiah alilala kwenye mapaja ya Yattani, na shati la Ekidor la kanisani halikuwa tena na rangi.

— Tumesukuma mara mbili pale laga, — Karanja alitangaza kabla hajashuka. — Na ndovu tumewaona. Mmoja alinipigia saluti.

— Alikuwa anafukuza nzi, — alisema Nyanya akishushwa. — Lakini huyu mwenye tumbo amenibeba kama yai. Nyaguthii, wape watu chakula.

— Kaeni, — Nyaguthii alisema. — Leo hakuna kahawa, kuna ndengu.

Aligawa. Nyanya kwenye kiti chenye mgongo. Sheila na Hezekiah, aliyeamka kwa harufu. Karanja na Yattani kwenye benchi, kila mtu mahali pake. Huqa kwenye debe. Deeqa kando ya Nyaguthii mwenyewe. Akahesabu kwa macho, kama anavyohesabu kila jioni, hesabu ikakataa. Sahani moja ilikuwa mkononi na haikuwa na mtu.

Ndipo aliposikia spana ikilia chini ya pikapu.

— Komando! Chakula!

— Nakuja. Naangalia tu kitu hapa.

Miguu miwili ilikuwa imetokeza chini ya mkia, na tochi ikimulika vile vyuma viwili vya springi. Karanja alitaka kusema neno. Huqa akamsukumia chapati.

Baada ya kitambo Ekidor alitoka, nati mbili za springi zimo kiganjani, akazitia mfukoni. Nyaguthii alimmiminia maji kwenye mikono, akamwongeza sabuni, akammiminia tena mpaka grisi ikatoka. Hakumuuliza alikuwa anaangalia nini. Alimpa sahani iliyojaa kuliko zote, akasubiri akae, na Yattani akasogea kumpa nafasi.

Sasa wametimia. Nyaguthii akajipakulia yake.