Neno Alilobaki Nalo Dereva

Kwenye basi la mjini Barnsley, Hazel aliketi nyuma ya mzee mmoja aliyetangaza kwamba amefundisha Kiingereza miaka thelathini, kana kwamba kuna aliyemuuliza.

"Kushukuru ni kutambua hisani," mzee alimwambia bibi aliyeketi naye. "Dereva analipwa mshahara wake, na bado kila anayeshuka, asante, asante! Mmelichakaza neno."

"Marehemu mume wangu aliendesha basi hili, mwalimu," bibi akajibu. "Alipopatwa na kiharusi, maneno yote yalimpotea, hata jina langu. Likabaki hilo moja. Nikimlisha, asante. Nikimfokea, asante."

"Hayo ni mazoea tu, mama."

"Na mazoea hayo aliyapata wapi, kama si kwa hao wanaoshuka?"

Basi likasimama kituoni. Watu wakajipanga, wakashuka mmoja mmoja: asante, asante. Hazel alikuwa akilisema neno hilo kila asubuhi huku akili yake ikiwa kwingine. Leo, alipofika kwa dereva, alimtazama usoni. Akashika nguzo kwanza, ndipo akalitamka neno: asante.