Mapafu Hayakaririwi

Mheshimiwa mwakilishi wa Waziri wa Afya wa Mkoa, Baba Padri uliyetufungulia kwa sala, Bwana Directeur Papa Constant, walimu wenzangu, wazazi mliovuka mto kutoka Makiso, na ninyi wanafunzi wangu wa uuguzi mliosimama kwa sababu viti vimeisha: nawasalimu nyote kwa heshima. Na wewe Papa Liévin, mvuvi wa Yanonge, ambaye karatasi ya protokoli haikukutaja popote, nakusalimu kwa heshima ileile. Watu watajua sasa hivi kwa nini nimekualika.

Bon. Mimi Katungu nimefundisha fiziolojia katika shule hii ya Lubunga miaka thelathini na moja. Leo mnanistaafisha kwa maua, keki na kitenge kizuri, na ninashukuru kwa moyo wote. Ila pamoja na kitenge nimepokea barua. Papa Constant, usiangalie dirishani, sitakutukana. Barua inasema kwamba siku nitakapoondoka kazini, kipindi cha Alhamisi kitafungwa, kwa sababu kinanuka, kinachafua meza, na yote yaliyomo yapo tayari kwenye syllabus ambayo mwanafunzi anaweza kuikariri nyumbani.

Kwa wasiokijua: kila Alhamisi tunapita kwa wachinjaji wa soko na kurudi na ndoo ya mapafu ya mbuzi, moyo, tumbo na mabomba yote yakiwa bado yameshikana. Moyo tunaupasua kwa wembe na kuhesabu vyumba vyake vinne kwa vidole. Tunapitisha kijiti kwenye bomba la chakula, tuone kinatokea tumboni na si kwingine. Kisha tunaazima pampu kwa mtu wa toleka, hizi baiskeli za kubeba abiria, tunaifunga kwenye bomba la hewa, na yale mapafu yaliyolala kama kitambaa kilicholowa yanainuka, yanageuka rangi ya waridi, yanajaa meza. Kila mwaka kuna anayepiga kelele. Kila mwaka kuna mtu wa toleka anayekataa kurudishiwa pampu yake mpaka ioshwe mara tatu. Ndiyo, kinanuka. Mliniita Mama Mapafu mkidhani sisikii.

Kwa nini basi nimeking'ang'ania? Hili sijawahi kulisema hadharani. Nilikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi kama ninyi. Baba alikuwa na duka la vitambaa Makiso. Tulitoka Butembo, watu wa milimani, hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Katika mtihani wa mfumo wa upumuaji nilipata kumi na nane juu ya ishirini. Wiki iliyofuata mdogo wangu Hugues akateleza bandarini, akaingia majini. Walimtoa haraka. Wakafanya kama tunavyofanya siku zote kwenye mto huu: wakambinua kichwa chini, wakamkamua tumbo ili maji yatoke. Mtu akaniita, "Dada, shika miguu!" Na mimi, niliyejua kwa Kifaransa jina la kila tawi la mapafu, nilishika miguu. Niliishika kwa nguvu. Maji kidogo yakatoka, watu wakashangilia, wala hakuna aliyempa hewa. Moyo hausukumi milele damu isiyo na hewa, na ubongo husubiri dakika chache tu. Hugues alinifia mikononi. Nimemlilia miaka arobaini, na miaka hiyo yote nimejikasirikia.

Mwalimu wangu hakunidanganya. Kila neno aliloniandikisha lilikuwa sahihi. Lakini je, nani aliwahi kuniacha nione kwa macho yangu kwamba hewa ina njia yake na chakula kina njia yake?

Alors, mwaka jana mwezi wa tano, gogo lilipindua mtumbwi wa Papa Liévin na kumpiga kichwani. Walipomvuta hadi ufukoni hapa Lubunga, kelele zikawa zilezile: "Mubinule! Mukamue tumbo, maji itoke!" Fanny, mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, alikuwa anangoja kuvuka. Aliwasukuma wanaume wanne. "Muachie tumbo! Papa iko nakosa pumuzi!" Mmoja akamfokea, "We mutoto mwanamuke, unajua nini ya mto?" Fanny alimlaza Papa chali, akainua kidevu, akabana pua, akapuliza, akakandamiza kifua, akapuliza tena, mpaka mzee akakohoa. Baadaye nilimuuliza alijuaje kwamba pumzi inaingia. Aliniambia, "Madame, kifua yake ilipanda sawa mapafu ya mbuzi."

Papa Constant, nionyeshe ukurasa wa syllabus wenye jibu hilo. Siku uliponipa barua nilikuuliza: wewe uliyezaliwa kando ya mto huu, mwenye diploma mbili ukutani, ungekuwepo ufukoni ungefanya nini? Ulinijibu bila kufikiri: "Ningemukamua tumbo, Mama Katungu, kama kila mutu." Sikucheka. Niliogopa, na bado naogopa.

Donc, barua nimeisoma mara mbili. Inasema kipindi kinafungwa siku nitakapoondoka kazini. Mkataba wangu unaisha leo saa kumi na moja jioni, na sasa ni saa tisa. Leo ni Alhamisi. Ndoo iko chini ya meza ya keki tangu asubuhi, ndiyo maana Baba Padri amekuwa akiziba pua kwa adabu.

Fanny, itoe. Pampu hii ni mpya, nimeinunua mwenyewe, na kuanzia leo ni yako. Wiki ijayo ukikuta mlango wa darasa umefungwa, baraza la nyumba yangu liko hatua mia mbili kutoka hapa, lina meza, na halipokei barua za mtu. Nitakaa pembeni nikusahihishe. Mheshimiwa, sogea mbele uone vizuri. Na wewe Papa Constant, vua koti, njoo upige pampu. Sitoki shuleni hapa kabla hujajua.

Papa Liévin, simama, fungua vifungo vya shati, vuta pumzi ndefu ili waone kifua kikipanda. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa nyamazeni, mumsikilize yeye.