Ngozi Haishiki Juu ya Usaha

Kaeni karibu, wanangu, na wewe Hilari liweke hilo panga hapa kitandani, miguuni pangu, kwa maana asubuhi nimekusikia ukilinoa na kuapa kwamba baba yako mdogo Damiani akikanyaga tena shamba letu la Namawala utamkata miguu. Unamchukia kwa ajili ya dada yako Fausta, huyu aliyenishika mkono, aliyeungulia kwenye dungu la Damiani, kile kichanja cha kulindia ndege, miaka kumi na mitatu iliyopita, na chuki hiyo nimekulisha mimi. Sasa pumzi inanikatika, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Moto ule haukutoka kwenye mafiga ya Damiani. Niliuwasha mimi.

Tuligombania mpaka wa mashamba yetu, akanizaba kofi mbele ya watu. Siku ya tatu, mchana wa jua kali, mpunga umeiva na ndege wametanda, nilinyata na kidumu cha petroli, nikaona mtu amelala juu ya dungu kajifunika shuka la Damiani. Nilitaka afe, wanangu, sitawadanganya tena. Nikamwagia nguzo na nyasi, nikawasha. Sauti iliyopiga yowe ilikuwa ya Fausta! Alimpelekea baba yake mdogo chakula, akampokea zamu ya kufukuza ndege ili yeye akaoge mtoni, usingizi ukampitia chini ya shuka lile. Mimi niliganda kama kisiki. Aliyeupanda moto ule akamtoa ni Damiani, na vidole vyake vilivyokunjamana mnaviona.

Hospitalini nilimwambia daktari anichune mimi. Akasema, "Mzee, ngozi yako mwili wake utaikataa. Itatoka kwake mwenyewe." Wakamchuna paja lililokuwa zima. Ngozi ile nyembamba, iliyotobolewa matundu ili itanuke, wakaibandika mgongoni na shingoni. Ya shingoni ilishika upesi, kisha ikajikunja, ikavuta kidevu mpaka kifuani. Ikabidi waikate na kushona nyingine nene, ya kinenani, na ndiyo inayomwezesha leo kugeuza shingo. Ya mgongoni ilioza, kwa kuwa chini yake palikuwa na usaha. Wakakwangua nyama mpaka damu safi ikatoka, Fausta akiniita, "Baba, waambie waache!" Ndipo ya pili ikashika.

Nami nikabandika uongo juu ya usaha. Damiani mwenyewe aliamini ni makaa yake, wazee wakamtaka atoe shamba lake la Namawala kuwa fidia, nikalipokea bila haya, na mpunga wake tumeula miaka yote hii.

Basi shikeni neno langu. Shamba la Namawala lirudi kwa Damiani, lote, mpaka mferejini. Nyumba hii ya mtaa wa Viwanja Sitini ni ya Fausta peke yake. Hilari, wewe chukua shamba la Lupiro, wala usidai zaidi. Msinizike kabla Damiani hajayasikia haya; nimemwita, na akitaka kulitemea mate jeneza langu, mwacheni.

Hilari... usiniangalie hivyo. Acha panga. Ukilishika, nikate mimi, baba yako mdogo hana kosa.

Mungu awape... awape mavuno, na watoto wasiorithi hasira yangu. Fausta, mama, mbona umeuachia mkono wangu? ... Haya. Una haki.

Hodi hiyo... ni yeye. Mfungulieni baba yenu.