Fundi Badawi na Lori la Miritini

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 1963, Fundi Badawi Mbwana anastaafu baada ya kulitunza lori la shule yetu ya Changamwe kwa miaka ishirini na mmoja. Lori lenyewe ni la tangu kabla ya vita. Wengi wetu tumeota ndoto za asubuhi ndani yake, tukiegemea mikoba, injini ikinguruma kama mtu anayejisomea kwa sauti ya chini.

Mwaka 1959 injini hiyo ilikufa. Kamati ikataka lori liuzwe kama chuma chakavu, na wanafunzi wa Miritini wangebaki bila njia ya kufika shuleni. Fundi aliomba likizo ya Agosti tu. Lisipowaka siku ya kufungua shule, liuzwe.

Aliifungua injini yote, akaipanga juu ya mkeka kwa utaratibu wake: kila vali, kile kizibo kinachofungua na kufunga njia ya hewa, mbele ya silinda ilikotoka. Alipokwenda kusali Ijumaa, Bi Kuluthum, mpishi wetu, aliona masizi yaliyovifunika vyuma vile akamhurumia. Akaviosha vyuma vyote kwa sabuni na majivu hadi vikang'aa, kisha akavipanga kwa ukubwa, kama apangavyo sufuria.

Fundi aliporudi aliinama juu ya mkeka, akaziokota vali moja moja. Kila vali huzoeana na kiti chake, yaani mahali inapokaa ikijifunga. Ukizichanganya, injini huvuja pumzi. Mwalimu mkuu, Bwana Absalom, alisema basi, mnunuzi aitwe. Fundi alimshukuru Bi Kuluthum kwa usafi, akaketi, akaanza kuisaga kila vali upya, akiizungusha taratibu kwa viganja. Kisha alimimina mafuta ya taa juu yake na kuyatazama kama yangevuja, ametulia kama mtu anayetazama maji ya kisimani.

Siku ya kufungua shule Bi Kuluthum hakuinjika uji. Alisimama kando ya lori, mikono kifuani. Fundi alizungusha hendeli; kimya. Akazungusha tena, na injini ikaamka, laini kuliko zamani.

"Bi Kuluthum," akasema, "wallahi sijapata kufunga injini safi kama hii. Ila siku nyingine niachie uchafu wangu."

Jael na Nguma wa Miritini walilipanda asubuhi ile. Mwaka huu wamefanya mtihani wa mwisho.

Fundi Badawi, ahsante. Mungu akujaalie afya na mapumziko marefu. Nyumba yako iko kando ya barabara ya Miritini. Ukitusikia tukipita alfajiri, lala tu. Injini inavuta vizuri.