Sikumuuliza Amelalaje

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, hamjambo. Mnanijua kwa kelele, lakini leo nitasema polepole. Mnivumilie.

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huku Newala na malori yao kufuata korosho, mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji pale Chilangala. Watoto wachanga tuliwapima kila mwezi, ila mtoto akishabalehe hakuna aliyemtazama tena. Nikaazima mizani ya mnunuzi mmoja, nikaanza kupima vijana uzito na urefu. Mlinicheka wenyewe, mkasema nawauza watoto pamoja na korosho! Kijana akiwa na kilo zake, hana homa wala upele, nilitangaza mbele ya watu: "Huyu mzima!" Na niliyependa kumtangaza kuliko wote alikuwa binti yangu.

Binti yangu alikuwa ametoka unyagoni, yeye na rafiki yake wa nyumba ya jirani, hawaachani. Rafiki yule akaolewa upesi, na uzazi wa kwanza ukamchukua. Msibani mwanangu alilia sana. Ndugu zangu, nawaambia nikiona aibu: nilimvuta pembeni nikamwambia, "Nyamaza, wewe si mtoto tena." Akanyamaza kweli. Kucheka akaacha, na shule leo anakwenda, kesho haendi. Nikamsimamisha kwenye mizani, kilo zake ziko vilevile. Nikasema, "Uvivu tu huo."

Msidhani sikuona. Niliona. Ila nilijiambia kwamba mwali aliyekwisha chezwa hazungumzi na mama yake mambo ya moyoni, anaye somo yake, yule mama aliyemfunda unyagoni. Nikaiweka mila mbele, nikajificha nyuma yake, maana niliogopa jibu.

Mnakumbuka shida ya maji wakati ule, pampu imekufa, tunateremka hadi bondeni. Siku hiyo nikamtuma. Jua likageuka, hajarudi. Akina mama waliokuwa wanapanda wakaniambia, "Mwanao tumemwacha kakaa kisimani. Ndoo imejaa, tukimsemesha, kimya."

Nilishuka mbio, kanga inaanguka. Nikamkuta mguu wake u karibu na mdomo wa kisima. Nikamuuliza anangoja nini.

"Nangoja hamu ya kupanda, mama. Haiji."

Nilikaa chini pale pale, kando yake. Tulipanda taratibu, nimemshika mkono kama mtoto wa kufundishwa kutembea.

Kesho yake nikabeba kuku, nikaenda kwa somo yake kuomba ruhusa ya kuzungumza na mwanangu. Mama yule alinitazama, akasonya. "Mwiko ni wa mambo ya chumbani, we mama! Nani alikukataza kumuuliza mwanao amelalaje? Mrudishe kuku wako, kampikie mtoto."

Nikampikia. Tukakaa naye, mimi na somo, akamlilia rafiki yake kwa sauti, na safari hii sikumnyamazisha. Tulimpeleka hospitali ya Mkomaindo pia, daktari akamsikiliza bila haraka. Ilichukua muda mrefu. Siku nyingine alirudi nyuma, nami nikamkaripia tena, halafu nikajuta tena. Lakini alipona.

Mizani sikuitupa. Ila kila kijana akishashuka, nilikaa naye mkekani: unalalaje, unacheka na nani, ukikwama unamwendea nani? Hapo nikajua kwamba wengi niliowatangaza wazima walikuwa wanaumia.

Namshukuru somo, nawashukuru akina mama wa kisimani, mlimwona mwanangu kabla yangu. Wenzangu, afya ya kijana haiishii kwenye kilo. Muulize, kisha usiondoke kabla hajajibu.

Najua kwetu mzazi hamwombi mwanawe radhi, sembuse hadharani. Nimeshindwa kuendelea hivyo. Binti yangu yumo humu, amekaa na wanawe. Mwanangu, mama alikukosea. Nisamehe, na kama bado huwezi, nitangoja.